Marehemu wa Kwenye Tovuti

Yombo, Temeke
8 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Neno hilo nimelifikiria sana kabla ya kuliandika, na ukifika chini utaelewa kwa nini.

Shangazi Marietha ndiye aliyeniambia kwamba uko kwake Masasi tangu mwezi wa tano, na kwamba simu huna. Hakuongeza neno, nami sikumuuliza. Bahasha hii nitampa karani wa ofisi ya basi pale Mbagala. Ameniahidi kwamba itafika mkononi mwa shangazi.

Habari za nyumbani ni hizi. Hatukai tena Kinondoni, tulihamia Yombo mwaka jana. Mtaa ni mgeni na jumuiya ni ngeni. Hapa hakuna anayekujua wewe. Mama mdogo akiulizwa anasema uko safarini. Goti lake la kulia linamsumbua, hasa anaposhuka ngazi, maana siku hizi ndiye anayepanda kutoboa kuta na kutundika. Kingo za mapazia anazipinda kwa mkono. Ile mashine ya ovaloki, ya kumalizia kingo, uliyoipeleka kwa fundi wiki moja kabla ya kwenda Tunduru haijarudi, na akiulizwa anajibu kwamba iko kwa fundi.

Mimi nilimaliza chuo. Kazi sijapata. Mwezi wa tatu nilimtengenezea mama mdogo tovuti ya mapazia, kwa sababu nilichoka kuona kazi nzuri kama ile inawafikia majirani tu. Nilipiga picha madirisha yote aliyowahi kuyavalisha, nikaweka vipimo, aina za vitambaa, namba ya simu, na fomu ya mtu kuuliza. Miezi mitatu ikapita. Simu haikulia hata mara moja. Nilikuwa naamka na kuangalia idadi ya waliofungua, nakuta wanne, na watatu kati yao ni mimi.

Nikaanza kusoma tovuti za wenzetu. Nikaona kila moja ina ukurasa wa Kuhusu Sisi, na ukurasa huo una kisa. Mteja ananunua pazia, lakini kwanza anataka kumpenda anayelishona. Sisi tulikuwa hatuna kisa, au tulikuwa nacho lakini si cha kusimuliwa. Ningeandika nini? Kwamba baba wa nyumba aliondoka na hapigi simu?

Niliandika ukurasa huo mwezi wa sita. Ndani ya wiki moja walipiga watu watatu, wote wa Mikocheni. Mmoja wao, Bi Tusajigwe, alitupa nyumba nzima, madirisha kumi na moja, kisha akawaleta rafiki zake. Mama mdogo ana kazi mpaka Krismasi. Ndiyo maana sijaufuta.

Baba mdogo, nimezunguka vya kutosha. Niliandika kwamba umefariki.

Nisamehe, kama neno hilo linafaa hapa. Umenilea tangu nina miaka sita. Nikufanyeje?

Mwanao,
Editha


Masasi
6 Oktoba 2024

Mwanangu Editha,

Marahaba. Barua yako nimeipokea nikiwa hai.

Huku hatujambo. Shangazi yako anakusalimu, analalamika kwamba korosho mwaka huu zimechelewa. Mimi nafanya kazi ndogo ndogo, natengeneza milango na dari. Nakula vizuri.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nijisomee. Kuna steshenari hapa karibu na stendi yenye kompyuta. Nilimwambia kijana wa pale anifungulie tovuti ya mapazia ya Yustina wa Dar. Akaifungua, akaanza kunisomea kwa sauti, watu wamejaa wanatoa nakala. Alipofika kwangu akasema, "Duh, mzee wa watu, aliteseka." Nikamwambia ndiyo, aliteseka.

Picha ni nzuri. Lile pazia la rangi ya kahawia nalikumbuka, bomba lake nililifunga mimi.

Nina jambo moja. Umeandika kwamba niliugua kifua miezi minne, na kwamba asubuhi ya mwisho niliomba uji wa mtama nikanywa vijiko viwili. Editha, huyo si mimi, ni kaka yangu, ni baba yako. Vijiko hivyo nilimlisha mimi, na wewe ulikuwa umekaa mlangoni na kikombe chako. Sikujua kama ulikuwa unaangalia. Sijakasirika. Nimekwambia tu ili ujue kwamba nimejua.

Hilo lingine, liache kama lilivyo, usifute chochote. Kama linawaletea kazi, basi nimefaa kwa kitu.

Mwambie mama yako mdogo kuta za zamani za Mikocheni plasta yake haishiki. Asitoboe karibu na kona ya dirisha. Atumie skrubu ndefu, na vile vidude vya plastiki vya kushika skrubu avigonge mpaka vizame vyote. Lakini usimwambie kwamba nimesema mimi. Sema umesoma mahali.

Baba yako mdogo,
Gervas


Yombo
10 Novemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo, na shikamoo kwa shangazi. Sisi ni wazima. Mvua za vuli zimeanza, na choo cha uani kimejaa maji. Habari za skrubu nilizifikisha. Mama mdogo alinitazama kwa muda, akauliza nimesoma kitabu gani.

Kuhusu kikombe, nilisoma barua yako mara tatu. Nilipokuwa naandika ule ukurasa sikuwaza baba. Niliamini natunga. Nilijisifu hata, kwamba mstari wa uji umetokea vizuri. Nilitumia kifo chake kuuzia mapazia, na sikukitambua mpaka uliponionyesha wewe. Sijui mtu anaomba msamaha wapi kwa jambo la namna hiyo.

Sasa sikiliza lililotokea Jumapili iliyopita.

Mwezi huu ni wa kuwaombea marehemu, unajua, watu wanaandika majina ya wafu wao, yanasomwa kanisani. Katekista alikuwa anasoma orodha, mimi na mama mdogo tumekaa benchi la nne. Akasoma Stephano, akasoma wengine wengi. Halafu akasoma, "Marehemu Gervas, mume wa Yustina wa mapazia."

Aliyekuandikisha ni Mama Edgar, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Aliona tovuti kwenye simu ya binti yake, akafikiri mama mdogo anaficha msiba kwa sababu hatuna ndugu hapa. Alifanya kwa upendo, na alikuwa ameketi nyuma yetu. Jina liliposomwa aliweka mkono begani mwa mama mdogo.

Nilisubiri mama mdogo ageuke aseme hapana. Hakugeuka. Katekista akasema raha ya milele uwape, ee Bwana, waumini wakaitikia na mwanga wa milele uwaangazie, naye akaitikia pamoja nao. Nilimsikia vizuri.

Tulitembea mpaka nyumbani. Alikaa kwenye cherehani na nguo zake za kanisani, akaweka pini mdomoni. Nikasimama mbele yake.

"Mama mdogo, umesikia?"

"Nina masikio."

"Ni mimi. Niliandika kwenye tovuti kwamba—"

"Najua ulichoandika." Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. "Mie nimesoma mpaka la saba, Editha. Unadhani simu yangu inaonyesha picha tu?"

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile. Yule wa Mikocheni alinipa pole mlangoni kabla sijatua mfuko. Nikamwambia nimeshapoa. Nilipofika nyumbani nikaangalia nimepoa na nini."

Nikamuuliza kwa nini hakunikataza.

"Miaka miwili kila ninayekutana naye ananiuliza mumeo yuko wapi. Mjane haulizwi hivyo. Mjane anapewa kiti." Akashika kitambaa, akakiacha. "Nilikaa kwenye kiti. Miguu ilikuwa inauma. Ila leo nimeitikia. Nimemzika kwa mdomo wangu mwenyewe, mtu mzima, anakula huko aliko."

"Nifute?"

"Unaniuliza mie? Uliniuliza wakati wa kuandika?"

Sijafuta. Jumuiya wanakuja kwetu Jumamosi ya tarehe 23, saa kumi jioni, kusali rozari kwa ajili yako. Mama mdogo hakuwazuia, amenunua majani ya chai. Nakuomba uje. Usipoweza kuja, andika hata mistari miwili kwa mkono wako, niwasomee.

Editha


Masasi
18 Novemba 2024

Mwanangu,

Tumeipata barua. Shangazi yako anaumwa jino, mengine ni salama.

Siwezi kuja. Niliandika nauli kama sababu, nikakata. Nauli ipo. Nikaandika kazi, nikakata.

Mashine haiko kwa fundi. Niliiuza siku ile ile niliyoitoa nyumbani, nauli na mtaji wa Tunduru vikatoka humo. Tulichimba vito miezi kumi na minne, shimo likatoa maji. Nilikusudia nirudi na mashine mbili. Kila nilipotaka kupiga simu niliona ataniuliza imetengenezwa? Nikaona bora laini ya simu ife.

Yeye anapinda kwa mkono na bado anasema iko kwa fundi. Uliponiandikia hilo sikuweza kulala kitandani, nikakaa kwenye kiti. Usimwambie. Afadhali anililie kuliko anijue.

Waache wasali. Rozari haijawahi kumdhuru mtu.

Gervas


Yombo
15 Desemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mpe shangazi pole ya jino. Barua yako ilifika Jumatatu ya tarehe 25, rozari ikiwa imeshapita, kwa hiyo nitakueleza kwa mpangilio wake.

Walikuja watu kumi na tisa. Tulitandika mikeka uani, tukaazima viti kwa jirani. Mama Edgar alikuja na mshumaa na picha ya Bikira Maria. Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge cheusi. Nilipokiona nilijua kwamba kama sitasema mimi hakuna atakayesema. Nilijua pia kwamba ningependa sana mtu mwingine aseme.

Mama Edgar alipiga ishara ya msalaba, akaanza, "Kwa ajili ya roho ya marehemu Gervas." Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno, mazuri, yenye utangulizi. Yote yakapotea.

"Baba mdogo hajafa," nikasema. "Yuko Masasi. Mimi ndiye niliyeandika amekufa, ili wateja waje."

Hakuna aliyepiga kelele, natamani wangepiga. Mama mmoja alimfunika mwanaye masikio, kana kwamba nimetukana. Mama Edgar bado alikuwa ameshika rozari hewani.

"Ina maana mie nimemwandikisha mtu mzima kwa wafu?" akauliza taratibu. "Jina lake likasomwa altareni?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikaa pale unasikia. Msichana msomi." Alisema "msomi" kwa upole, na hapo ndipo niliposhindwa kuinua macho. Mpaka leo nikipita mbele ya genge lake navuka barabara.

Aliyetuokoa ni Mzee Albano, fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Alikuwa ameshapiga magoti, anashikilia ukingo wa kiti.

"Jamani, mie kushuka hapa chini kumenichukua dakika tano," akasema. "Sinyanyuki bure. Rozari ni ile ile, tubadilishe nia tu. Tumwombee msafiri."

"Na chai?" mtu akauliza.

"Chai ya msiba na chai ya msafiri, sukari ni moja. Anza, Mama Edgar."

Wakasali mafumbo yote matano. Kwenye kila fumbo Mama Edgar alisema "msafiri wetu Gervas", na kila aliposema sauti yake ilikuwa inanikwaruza. Mama mdogo aliitikia kwa sauti ndogo. Katikati ya fumbo la tatu aliingia ndani, akarudi amevaa gauni lake la kijani.

Jumapili nikaufuta ukurasa. Kisha nikawapigia wateja tisa, mmoja mmoja, kwa sababu kufuta tu kungekuwa kujificha. Wawili walikata simu. Mmoja alicheka sana, akasema mume wake mwenyewe anafaa kuandikwa hivyo. Wa mwisho alikuwa Bi Tusajigwe. "Niliwaambia wenzangu twende tukamshike mkono mjane," akasema. "Sasa mimi niwaambie nini? Wewe unajua kuandika, waandikie wewe." Nimewaandikia. Kazi mbili zimeondoka. Yeye mwenyewe amebakiza ya chumba kimoja, ukuta wa zamani, ya kutundikwa tarehe 28.

Sasa barua yako. Uliniomba nisimwambie. Nimeshabeba uongo mmoja kwa ajili ya nyumba hii na nimeona unakotufikisha, kwa hiyo nilimpa karatasi asome mwenyewe. Ukikasirika, una haki. Aliisoma amesimama, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha.

"Alidhani sijui?" akasema. "Mashine ikienda kwa fundi kinabebwa kichwa tu. Yeye aliibeba na meza yake."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilimshikia mlango."

Nikakaa chini. Miaka miwili, Baba mdogo. Wewe unamficha, yeye anakufichia, na mimi katikati nikaona hakuna kisa cha kusimulia.

Nikamwambia kwamba tovuti bila ukurasa wa Kuhusu Sisi inaonekana kama duka lisilo na mtu. Akasema basi niandike, ila safari hii maneno anayataja yeye. Nilikaa na kompyuta mapajani, yeye anapima kitambaa. Alisema sentensi tatu, akanikataza kuongeza ya nne. Ziko hivi:

"Mapazia haya anashona Yustina, Yombo. Mume wake, Gervas, yuko Masasi. Kutundika ni kazi yake."

Nikamwambia haziuzi. Akaniambia nimeshauza vya kutosha.

Hilo lilikuwa Jumatano. Ijumaa mchana ikaingia fomu moja kutoka kwenye tovuti, ya kwanza tangu tubadilishe. Mtumaji hakuweka jina wala namba ya simu. Kwenye sehemu ya mahali aliandika Masasi. Swali lake lilikuwa hili: "Huo ukuta wa tarehe 28 ni wa tofali gani, na ukiugonga plasta inalia vipi?"

Tarehe ya kazi ile haipo kwenye tovuti, Baba mdogo. Nilimtajia shangazi kwenye simu, yeye peke yake.

Nilimsomea mama mdogo swali. Alikuwa ameinama juu ya pindo, anashona kwa mkono. Hakuinua kichwa.

"Mjibu," akasema. "Mwambie ukuta haugongwi ukiwa Masasi."

Nikauliza niongeze nini. Akasema hakuna.

Jibu nililiandika kama alivyolisema, lakini mtu aliyeuliza hakuacha pa kumjibia, kwa hiyo najua halikufika. Ndiyo maana naandika barua hii na ninaipeleka Mbagala leo hii, kabla basi la jioni halijaondoka. Goti bado linamuuma. Mzee Albano alijitolea kuja kutoboa, mama mdogo akamshukuru, akamwambia kazi hiyo ina mtu.

Mwanao,
Editha